Kodi ya Nixon na desturi isiyo na sheria

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mila za marais wa Marekani niliisoma kwa raha, lakini aya ya kodi imenikaa kooni. Mwandishi anasema marais wa kule hutangaza ritani zao za kodi, yaani taarifa za mapato yao na kodi wanayolipa, kwa kufuata utamaduni wa uwazi ulioanza na waasisi wa taifa lao. Aya mbili chini anasema Rais Richard Nixon alitamka kauli yake maarufu ya kwamba yeye si tapeli alipobanwa kuhusu kashfa ya Watergate, yaani uvunjaji wa ofisi za wapinzani wake, chama cha Democratic, katika jengo la jina hilo. Yote mawili ameyakosea, na makosa hayo ni ya kesi moja.

Kauli ile Nixon aliitoa tarehe 17 Novemba 1973 huko Disney World, Florida, mbele ya wahariri wa magazeti waliokuwa kwenye mkutano wao. Maswali ya Watergate yalikuwepo, tena mengi. Lakini aliposema wananchi wana haki ya kujua kama rais wao ni tapeli, alikuwa akijibu kuhusu mfuko wake mwenyewe. Mwezi mmoja na nusu kabla, mwandishi Jack White wa gazeti la Providence Journal alikuwa ameandika kwamba rais alilipa kodi ya mapato ya dola 792.81 kwa mwaka 1970, na dola 878.03 kwa mwaka 1971. Mshahara wa rais peke yake ulikuwa dola 200,000 kwa mwaka. White alipata tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule, kwa habari hiyo. Na tarehe 10 Oktoba makamu wa rais, Spiro Agnew, alikuwa amejiuzulu baada ya kukubali kutopinga shtaka la kukwepa kodi ya mwaka 1967. Kwa hiyo siku ile Florida, neno kodi lilikuwa kaa la moto kuliko mwandishi wenu alivyodhani.

Kodi inashukaje hadi dola mia saba na kitu? Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye uhasibu, na hapa niruhusu nikae kidogo, maana vitabu vya historia hupita mbio.

Sheria ya wakati ule ilimruhusu mtu anayetoa nyaraka zake kwa taasisi ya umma kuondoa thamani yake kwenye mapato yanayotozwa kodi. Nixon alikuwa na makaratasi ya miaka yake ya umakamu wa rais. Machi 1969 maboksi yalipelekwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na mthamini akayapa bei ya dola 576,000. Kiasi kikubwa namna hiyo hakimaliziki mwaka mmoja. Kinasogezwa mbele na kupunguza kodi ya miaka inayofuata. Mpaka hapo hakuna kosa. Tatizo ni kwamba Bunge la Marekani liliufuta unafuu huo kwa zawadi zote zilizotolewa baada ya tarehe 25 Julai 1969, na aliyetia saini sheria hiyo, Desemba mwaka huohuo, ni Nixon mwenyewe.

Sasa tazama hati ya zawadi. Imeandikwa tarehe 27 Machi 1969, yaani salama kabisa, miezi minne kabla ya mwisho. Ila ilisainiwa Aprili 1970. Wala aliyeisaini si mwenye mali: ni Edward Morgan, mwanasheria wa Ikulu. Kila karani wa masjala anaijua mbinu hiyo ya kurudisha tarehe nyuma. Wachunguzi wa kamati ya kodi ya Bunge walikuta pia kwamba hati ilikuwa na masharti ya nani aruhusiwe kuyasoma makaratasi hayo, na anayetoa kitu huku bado amekishika mkia hajakitoa. Aprili 1974 kamati ilitoa hesabu ya anachodaiwa Nixon: dola 476,431, riba ikiwemo. Morgan alikiri kosa na kufungwa miezi minne. Kwa Nixon, deni la mwaka 1969 lilikuwa limeshapita muda wa kudaiwa kisheria.

Jambo linalonichekesha mpaka leo ni kwamba maofisa wa kodi walikuwa wameshazipitia ritani zake za 1971 na 1972 kabla ya kelele zote hizo. Juni 1973 walimwandikia kwamba ziko sawa, wakampongeza na kwa uangalifu wa kuziandaa!

Ndipo Desemba 1973, maji yakiwa shingoni, Nixon akaziweka ritani zake hadharani. Hiyo ndiyo asili ya desturi ambayo makala yenu inaisifu. Ni kweli George Romney alishatangaza ritani za miaka 12 mwaka 1967 alipokuwa akiutaka urais, lakini yeye hakufika Ikulu. Na Nixon huyohuyo, mwaka 1952, akituhumiwa kwa mfuko wa siri wa wafadhili wa dola 18,000 hivi, alikaa mbele ya kamera za televisheni akataja madeni yake, koti la kawaida la mkewe, na mbwa Checkers aliyepewa zawadi na ambaye hatamrudisha. Alijua vizuri jinsi ya kufungua daftari pale anapoona litamwokoa.

Baada yake Gerald Ford alitoa muhtasari tu. Kuanzia Jimmy Carter hadi Barack Obama kila rais alitoa ritani. Mwaka 1977 mamlaka ya mapato ikajiwekea kanuni ya kukagua ritani za rais na makamu wake kila mwaka, bila shaka ikikumbuka ile barua ya pongezi.

Donald Trump hakutoa, akisema anakaguliwa, na hakuna aliyeweza kumlazimisha kwa desturi. Kilichozitoa ritani zake ni sheria ya mwaka 1924 inayozipa kamati za kodi za Bunge haki ya kudai ritani ya mtu yeyote. Sheria hiyo ni mtoto wa kashfa nyingine, Teapot Dome, ambayo makala yenu imeipa sentensi moja. Albert Fall, waziri wa ardhi na maliasili za taifa chini ya Rais Warren Harding, alikodisha visima vya mafuta vya jeshi la majini huko Wyoming na California bila zabuni ya ushindani. Tajiri Edward Doheny alimpelekea dola 100,000 taslimu kwenye mkoba mweusi uliobebwa na mwanawe. Fall alifungwa kwa kupokea rushwa hiyo. Doheny aliachiwa huru kwa kosa la kuitoa, rushwa ileile, na nimeshindwa kuwaeleza wajukuu zangu iliwezekanaje.

Kamati ya Baraza la Wawakilishi ilizidai ritani za Trump Aprili 2019, Mahakama ya Juu ikakataa kuzuia Novemba 2022, na zikatolewa tarehe 30 Desemba mwaka huo. Kwa mwaka 2016 na 2017 kodi yake ya mapato ilikuwa dola 750 kila mwaka, chini ya zile za Nixon hata kabla ya kuhesabu mfumuko wa bei. Kamati iligundua pia kwamba ukaguzi wa lazima haukufanyika miaka yake miwili ya kwanza Ikulu. Wa kwanza ulianza siku ileile kamati ilipotuma barua yake ya Aprili 2019.

Kwa hiyo naomba mrekebishe. Hakuna sheria inayomtaka rais wa Marekani atangaze ritani zake, na ukaguzi wa kila mwaka umeandikwa kwenye mwongozo wa ndani wa mamlaka ya mapato tu. Desemba 2022 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuufanya sheria. Seneti haikuupitisha.

Mhasibu mstaafu,
Tanga