Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: talki-walki na viti vya magurudumu vya umeme

Mheshimiwa Meya,

Tunaomba utoe agizo moja kwa sentinele (walinzi), polisi wa barabarani na madereva wa ambulansi wa mji huu: asiwepo mtu wa kubonyeza kitufe cha kusemea kwenye talki-walki, yaani redio ya mkononi ya mawasiliano, akiwa chini ya mita 2 kutoka kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu cha umeme. Sisi ni mafundi wa viti hivyo, na tunaeleza sababu.

Kiti cha aina hii kwa kawaida kina betri mbili za volti 12, zikiunganishwa zinatoa 24. Nguvu hiyo huenda kwenye mota. Lakini kinachoamua kiti kielekee wapi ni kijiti kidogo kilicho mbele ya kiganja, na ujumbe wake ni volti chache sana zinazopita kwenye waya hadi sanduku la kuongozea. Redio nyingi za ulinzi hutumia masafa ya karibu megahezi 150, na wimbi lake lina urefu wa mita 2. Waya wa nusu mita au mita nzima hulinasa wimbi hilo kama antena. Hapo sanduku hupokea amri ambayo hakuna aliyeitoa: kiti kinaondoka chenyewe, kinakata kona, au breki zinaachia. Kwenye mteremko, au katikati ya barabara yenye malori ya madini, hilo linaweza kuua.

Jambo hili si geni. Mwaka 1994 mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa vya tiba iliwataka watengenezaji waweke onyo kwenye viti hivi, na kiwango kilichopendekezwa ni kiti kivumilie wimbi la redio lenye nguvu ya angalau volti 20 kwa mita (kipimo cha ukali wa wimbi mahali kiti kilipo). Sasa hesabu: talki-walki ya wati 5 inatoa takriban volti 16 kwa mita ukiwa umbali wa mita 1. Isogeze hadi nusu mita, inapita 30. Ukiwa mita 2 inashuka hadi 8 hivi. Redio ya gari yenye wati 25 inahitaji nafasi kubwa zaidi, tunasema mita 4, kwa kuwa kwenye mita 1 inafika 35. Na hizo ni hesabu za mahali peupe; karibu na kuta na mabati mawimbi hurudi na kuongezeka. Redio inayosikiliza tu haina neno. Hatari huanza kidole kinapobonyeza, na ndiyo maana agizo hili halimzuii sentinele kazi yake: apige hatua mbili tatu pembeni, kisha aseme.

Simu ya mkononi ina nguvu ndogo kuliko hiyo, ila watu huifunga kwenye mkono wa kiti, sentimita chache kutoka kwenye kijiti. Ikae upande wa pili, na mtu azime kiti kabla ya kupiga.

Tatizo jingine liko kwenye karakana, nasi tunalisema wazi. Viti vingi hapa vimeshatumika kwingine. Waya wa kijiti ukikatika, fundi anaweka waya wowote wa dukani, usio na wavu wa chuma wa kinga, tena mrefu kuliko wa kwanza. Kiti kinatembea vizuri siku ya majaribio, lakini kinga yake imekwisha. Vivyo hivyo mfuniko wa chuma usiporudishwa, au taa na chaja ya simu zikiungwa kwenye betri bila idhini ya mtengenezaji.

Si kila kiti kinachotikisika kimeguswa na redio. Maji ya mvua kwenye kijiti, plagi iliyolegea na betri iliyochoka huleta dalili zinazofanana. Kwa hiyo tunaomba kila komini (sehemu ya utawala ya mji) iwe na daftari la kuandika tukio: saa, mahali, mteremko, aina ya kiti, nani alikuwa akisema redioni na kwa umbali gani. Taarifa hizo zipelekwe pia kwa mtengenezaji.

Kiti kikianza kwenda chenyewe, kizimwe kwa swichi mara tu inapokuwa salama. Umeme unapokatika, breki zake hushika, kwa hiyo kitasimama kwa ghafla. Mkanda wa kiunoni uwe umefungwa. Msaidizi asiguse wenzo unaotenganisha mota na magurudumu, maana ukifunguliwa mteremkoni kiti hakina breki tena.

Sheria ya Kongo namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, na agizo tunaloliomba halihitaji bajeti. Tuko tayari kwenda na kiti kwenye kila komini kati ya saba, tuwaonyeshe sentinele swichi ilipo, kwani mara nyingi wao ndio wanaofika kwanza.

Kwa heshima,
Mafundi wa viti vya umeme, Lubumbashi