Bustani ya kiangazi Dodoma iandaliwe sasa, udongo ungali na unyevu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenzangu wa Dodoma tunaolima mboga nyuma ya nyumba na kandokando ya makorongo. Mvua zimekata. Huku kwetu kwa wastani hunyesha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ni upepo na vumbi hadi mwishoni mwa Novemba. Anayesubiri Julai, mboga ziadimike sokoni ndipo ashike jembe, atakuta udongo wetu mwekundu umeshikana kama tofali. Jembe linadunda. Atakwangua sentimita 5 za juu, apande hapo, amwagilie kila jioni, na mboga zitadumaa kwa sababu mizizi imegonga sakafu. Kazi hiyo ni ya Mei.

Pima unyevu kabla ya kulima. Chimbua kina cha kiganja, chukua udongo wa chini na uufumbate. Ukishikana ukawa donge, na donge likapasuka ukilisukuma kwa kidole, lima siku hiyohiyo. Ukinata na kung'aa mkononi, ngoja siku 2 au 3, maana ukiulima hivyo utatoa mabonge ambayo yakikauka hayavunjiki hata kwa kisigino cha jembe. Ukipukutika kama unga, umechelewa. Itabidi uloweshe eneo zima siku moja kabla, na kwa wengi wetu hayo ni maji ya kununua.

Lakini jembe lisitangulie kabla ya kusafisha mabaki ya masika, hasa nyanya. Mashina yaliyoachwa yamesimama ndiyo nyumba ya kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, hadi msimu ujao. Yang'oe na mizizi yake, yafukie kwenye shimo la nusu mita au yachome; usiyatupe kwenye lundo la mboji. Kama kuna mmea ulionyauka ghafla ukiwa bado na majani ya kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, ukishike kikining'inia ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache tazama ncha iliyo majini. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu, huo ni mnyauko wa bakteria na hakuna dawa ya dukani itakayousafisha udongo. Hapo usirudishe nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili, viazi mviringo wala mnafu kwa miaka 3 angalau. Panda vitunguu, karoti au kabichi.

Tazama na mizizi yenyewe. Minyoo fundo huivimbisha, na uvimbe huo ni sehemu ya mzizi, haubanduki. Wengi huuchanganya na vinundu vya kunde na maharage, ambavyo ukivikwangua kwa kucha vinabanduka, na ndani vina rangi ya waridi. Vinundu hivyo ni mali, viache ardhini: kata kunde usawa wa ardhi, mizizi ibaki. Magugu nayo yang'olewe kabla hayajadondosha mbegu, na kwa ndago fuata vitunguu vyake kwa vidole sasa wakati ardhi ni laini. Julai shina litakatikia mkononi na kitunguu kitabaki chini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Ushauri mwingi wa bustani unaosambaa kwenye simu unasema inua matuta. Huo ni ushauri mzuri kwa Lushoto, au kwa mahali popote ambapo shida ni maji kutuama. Kwa kiangazi cha Dodoma tuta lililoinuliwa ni hasara mara mbili. Kwanza linapigwa na upepo pande zote na kukauka kabla ya saa sita. Pili ni chumvi. Visima vingi huku vina maji ya chumvi. Wanaomwagilia kwa maji ya bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, wanaijua vizuri. Kila ndoo unayomwaga inaleta chumvi kidogo. Maji yanapaa na jua, chumvi inabaki, na hufuata unyevu kuelekea sehemu iliyoinuka inayokauka kwanza. Kwenye tuta, sehemu hiyo ndipo ulipopanda miche. Ndiyo maana unaona utando mweupe kwenye mgongo wa tuta, na majani ya maharage yanaungua kingo kana kwamba yamepitiwa na moto.

Dawa yake ni jaruba, lile wanalotumia wakulima wa vitunguu: kitanda kilichozama, chenye kingo pande zote. Chumvi hupanda kwenye kingo, mmea unabaki chini penye maji. Upana uwe mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Urefu mita 4 unatosha. Likiwa refu zaidi kusawazisha kunakuwa kazi, hasa penye mteremko. Kuchimba kuna utaratibu, na hapa ndipo wengi wanakosea. Ondoa udongo wa juu, sentimita 20, uuweke upande mmoja. Huo ndio wenye rutuba. Kisha chimba sentimita 15 nyingine, na udongo huo wa chini ndio ujengee kingo zenye upana wa sentimita 30, uzishindilie kwa mguu. Tifua sakafu kwa sululu bila kuitoa. Rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi. Mwisho kitanda kiwe chini ya njia kwa sentimita 10 hadi 15. Anayejenga kingo kwa udongo wa juu amezika utajiri wake ukingoni na kupanda kwenye udongo maskini. Miche itakuwa ya njano hata akimwaga mbolea.

Mwaga ndoo 2 ndani ya jaruba jipya utazame maji yanakaa wapi. Yakikimbilia kona moja, sawazisha kwa reki na urudie. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini jaruba lisilo sawa huzamisha miche upande mmoja na kuikausha upande wa pili. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbugani usichimbe hivyo, maana maji hayatapenya na mizizi itaoza. Huko lima kitanda bapa chenye kingo ndogo tu.

Samadi tunayo, Wagogo ni wafugaji, lakini iliyotoka zizini leo isiingie bustanini kesho. Inaunguza miche na ina mbegu za magugu. Ilundike miezi 2 hadi 3, uilowanishe kidogo, uigeuze kila wiki 2 au 3. Ukiingiza mkono ndani ya lundo na hakuna joto wala harufu ya mkojo, imeiva. Kwa jaruba la mita 1 kwa 4 weka madebe 2 ya lita 20. Ya kuku ni kali, nusu debe inatosha. Na wale wanaomwaga majivu kila mwaka kwa mazoea, kama maji yenu yana chumvi, acheni. Majivu yanazidisha ugumu huohuo.

Hesabu maji kabla ya kuhesabu majaruba. Mboga iliyokomaa hapa kwetu wakati wa kiangazi huhitaji lita 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Jaruba la mita 4 za mraba basi ni ndoo 1 ya lita 20 kwa siku. Ukiwa na uhakika wa lita 100, una majaruba 5, na la 6 litakausha mengine yote. Miche michanga mwagilia kidogokidogo kila siku, ikishashika mpe maji ya kushiba: ndoo 3 kwa mpigo kila baada ya siku 3. Maji ya kurashia kila jioni hulowesha juu tu na kuacha chumvi palepale juu, yale mengi huisukuma chini ya mizizi. Kama una tanki la maji ya mvua, yatunze kwa kitalu cha miche, ndiko chumvi inakoumiza zaidi. Penye chumvi, spinachi na bitiruti hustahimili kuliko maharage, karoti na vitunguu.

Upepo huanza kuvuma kwa nguvu Juni, zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Mavuno ya mtama na uwele yanaleta mabua wakati uleule unaoyahitaji. Simika uzio wa mabua upande huo, kimo cha mita 1 na nusu, ukiwa na mianya, karibu nusu kwa nusu. Ukuta wa mabati usio na upenyo huurusha upepo juu na kuuangusha nyuma yake kwa kishindo, ndiyo maana nyanya zilizo mita chache nyuma ya bati hulala. Upande wa nje ongeza miiba, kwa sababu mashamba yakishavunwa mbuzi wanaachiwa, na mbuzi mmoja anamaliza kitalu cha sukuma wiki kwa nusu saa.

Matandazo yafuate miche ikishafika sentimita 15: nyasi zisizo na mbegu, mabua yaliyokatwakatwa au maganda ya karanga, unene wa sentimita 5, yasiguse shina. Mchwa watakuja. Funua matandazo kila wiki. Wakila yaliyokauka tu wakaacha mboga, waache. Wanahamia kwenye mimea pale ardhi inapokauka kabisa.

Na kalenda ya kupanda isikopwe kutoka Pwani. Juni na Julai usiku hapa hushuka hadi nyuzi 13 au 14, kwa hiyo bamia na mchicha vitakwenda polepole. Kabichi, karoti, chainizi na sukuma wiki ndizo zinapenda. Kabichi ikisiwa Mei hukaa kitaluni wiki 4 hadi 5 na kufunga kabla ya joto la Oktoba. Vitunguu hukaa wiki 6 hadi 8. Kabichi ukiisia Julai, vichwa vitafunga kwenye jua kali la Oktoba, vikiwa vidogo na vidukari wamejaa. Kutandika nailoni angavu juu ya ardhi yenye unyevu ili jua liue minyoo fundo kufanyike Oktoba na Novemba. Juni ni kupoteza nailoni, joto halitoshi.

Ombi langu, Mhariri: ukurasa wa kilimo wa gazeti lako uwe na kalenda ya Kanda ya Kati, itoke Aprili mvua zikiwa bado zinadondoka. Na maofisa ugani wa kata zetu, tafadhali, fundisheni jaruba kwanza, tuta libaki somo la masika. Maana mvua za kwanza zikigonga mwishoni mwa Novemba au Desemba, jaruba hugeuka bwawa. Siku hiyo fungua kingo upande wa chini, ukwangue utando mweupe uliojikusanya juu yake na kuutoa nje ya bustani, usiuchanganye tena ndani.

Mkulima wa mboga,
Nzuguni, Dodoma