Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunachostahili kwa Wauza Mashine za Gemu kutoka Nje

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa mashine za zamani za gemu hapa Dodoma,

Mambo ya kawaida ya mwaka nitayapitia kwa ufupi, kwa kuwa lipo moja linalohitaji nafasi. Hesabu mtasomewa na mweka hazina mara nitakapoketi. Siku zetu za ukarabati pale Makole zimeendelea, na nawashukuru kwa dhati mafundi TV wa mjini waliokubali kutufundisha kupima volti na kubadili kapasita bila kudai chochote. Ombi letu la chumba cha kudumu bado halijajibiwa, katibu analifuatilia.

Sasa manunuzi. Mwaka huu wengi wetu tuliacha kuokoteza mabaki yaliyokuwa stoo za watu, tukaanza kununua mashine na bodi, yaani saketi zinazobeba gemu yenyewe, zilizoagizwa kutoka Japani, Uingereza, Marekani na China. Ni hatua kubwa, na imetuletea furaha pamoja na maumivu. Humu ndani wamo walimu, wapo wafanyabiashara wa Majengo, wapo wastaafu walioweka sehemu ya kiinua mgongo chao kwenye kabati moja la gemu, lile sanduku lenye skrini na vitufe. Fedha ya namna hiyo ikipotea, hairudi mwezi ujao. Ndiyo maana kamati imenituma nizungumze nanyi juu ya kile tunachostahili kutoka kwa muuzaji.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kudai bei nafuu, tudai habari kamili, na tuipate kabla fedha haijatoka mkononi. Mashine iliyotengenezwa miaka 30 iliyopita kuwa na ubovu si aibu ya mtu. Muuzaji akisema kipaza sauti kimepasuka, vitufe viwili havishiki na kioo kina alama, huyo ametutendea haki, na sisi tutaamua kama bei inalingana na hali hiyo. Anayetuumiza ni yule anayejua, akanyamaza. Wanaoagiza magari Japani wamezoea kudai karatasi ya mnada inayoonyesha hata mikwaruzo ya mlango. Sisi tunalipia vitu vyenye umri mkubwa kuliko magari hayo kwa kutazama picha moja ya mbele, imepigwa gizani, taa zikiwaka vizuri. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nitatoa mfano wa mwenzetu, kwa ruhusa yake. Alinunua bodi ya gemu ya mfumo wa CPS-2, ule ambao Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, walianza kuutumia mwaka 1993. Kwenye bodi hizo kuna betri ndogo ya lithiamu inayotunza funguo za siri katika kumbukumbu. Betri ikiisha, funguo zinafutika, na gemu haifunguki tena. Unabaki na skrini ya rangi moja tupu. Muuzaji alimwambia bodi ni nzima, na alipopigiwa simu mzigo ulipofika akajibu kwamba labda imeharibikia njiani. Mafundi wetu waliifungua: betri ilikuwa imekwisha, haina hata dalili ya kuguswa tangu itoke kiwandani. Siku hizi wapo mafundi wanaoweza kurudishia funguo hizo, na bodi hiyo tutaiponya. Lakini alilipa bei ya bodi nzima, akapokea bodi ya matengenezo, na tofauti ya bei hizo mbili ilikuwa ada ya shule ya mtoto.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa bodi yoyote ya zamani liwe la betri. Ipo? Ilibadilishwa lini, na nani? SNK, kampuni nyingine ya gemu ya Japani, walipotoa mfumo wa Neo Geo MVS mwaka 1990 waliwapa wenye kumbi za gemu bodi-mama inayobadilishiwa kaseti za gemu, jambo zuri sana kwa mkusanyaji, lakini nyingi za awali zina betri ya nikeli na kadmiamu ambayo huvuja ikizeeka. Majimaji yake hula njia za shaba taratibu, na bodi inaweza kuwaka leo vizuri kabisa huku imeshaanza kuliwa pembeni. Picha ya karibu ya eneo la betri, mbele na nyuma ya bodi, haimgharimu muuzaji hata dakika tano. Akikataa kuituma, tusinunue.

Swali la pili liwe la uhalali wa bodi. Gemu maarufu zilinakiliwa tangu zamani, tena kwa wingi. Baada ya Street Fighter II kutoka mwaka 1991, matoleo yaliyonakiliwa na kubadilishwa bila idhini yalizagaa duniani, likiwamo lile linalojulikana kama Rainbow Edition, ambamo wapiganaji hurusha moto wakiwa hewani. Lina historia yake, na mimi binafsi sioni ubaya mtu kulikusanya, mradi aliyeuza aseme ndilo. Bodi halisi ya mfumo wa CPS-1, ambao gemu ile ilitumia, ni bodi tatu zilizopandana, A, B na C, zenye alama za mtengenezaji. Ukionyeshwa chipu nyingi za kawaida za dukani na vibandiko vilivyoandikwa kwa mkono, uliza tena. Vivyo hivyo kwa bodi mpya za China zenye gemu mamia ndani ya kisanduku kimoja. Hizo huigiza gemu kwa programu. Zinafaa kwa kibanda cha watoto wa mtaani, na bei yake inajulikana. Kuifungia bodi ya namna hiyo ndani ya kabati la zamani kisha kuiita mashine halisi ni udanganyifu, na tuuite hivyo.

Kabati nalo lina maswali yake. Tangu mwaka 1985 watengenezaji wa Japani walikubaliana juu ya mfumo mmoja wa kuunganisha bodi na kabati, JAMMA, wenye pini 56, 28 kila upande. Faida yake ni kwamba bodi uliyonunua kwa mtu mmoja inaingia kwenye kabati ulilonunua kwa mwingine. Muuzaji aseme waziwazi kama nyaya ni za JAMMA, na kama ziliwahi kukatwa na kuungwa. Nimeona nyaya zilizofungwa kwa mkanda wa plastiki tu ndani ya kabati lililopakwa rangi mpya kwa nje.

Skrini ndiyo roho ya mashine, na ndiyo inayofichwa zaidi. Skrini za kizamani, zile za chogo, viwanda vikubwa vilishaacha kuzitengeneza, kwa hiyo iliyochoka haina mbadala mpya dukani. Mashine ya Pac-Man iliyowaka miaka mingi hubaki na njia za mchezo zimechorwa kwenye kioo hata ikiwa imezimwa. Tudai picha ya kioo kikiwa kimezimwa, mchana, na nyingine kikiwa na picha nyeupe tupu. Kama chogo kimeondolewa na kuwekwa skrini bapa, tuambiwe. Kwa mpenzi wa gemu za kulenga shabaha hilo ni jambo zito, kwa sababu bastola za mashine nyingi za wakati ule husoma mwanga wa skrini ya chogo unavyochorwa mstari kwa mstari, na mbele ya skrini bapa hazioni kitu. Hapa niongeze onyo kwa vijana wetu: ndani ya chogo mna umeme wa zaidi ya volti 20,000, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Asiyefundishwa kuutoa asiguse.

Tukija kwenye umeme wa ukutani, Japani hutumia volti 100, Marekani 120, sisi 230. Mwanachama mmoja nusura achomeke kabati la Kijapani moja kwa moja kwa sababu aliyeuza alikuwa amekata plagi ya asili na kufunga ya kwetu yenye miguu mitatu, akidhani anamrahisishia. Angemrahisishia kuunguza. Muuzaji wa Tanzania anayemuuzia Mtanzania ana wajibu wa kutoa transfoma ya kushusha umeme, au walau kuandika kwa herufi kubwa kwamba haipo na bei yake ni hii. Mashine za Kijapani zina nafuu moja: mashariki ya nchi ile hutumia hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, kama sisi, na magharibi 60, hivyo mashine zao zimezoea zote mbili. Nyingi za Kimarekani zimetengenezwa kwa hezi 60, na transfoma zake za zamani huweza kupata joto zaidi zikitumia 50. Hilo nalo muuzaji makini hulijua na hulisema.

Bei. Nimechoka kusikia bei ya Japani ikitajwa kana kwamba ndiyo bei ya Dodoma. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 haihesabiwi juu ya thamani ya mashine peke yake. Inahesabiwa baada ya kujumlisha bima, nauli ya meli na ushuru wa forodha. Kisha kuna wakala wa forodha, kuna gharama za bandarini mzigo ukichelewa, halafu lori la kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 450 hadi hapa. Muuzaji atupe bei moja ya mzigo ukiwa umeshushwa Dodoma, au atuchanganulie kila kipengele na aandike nani analipa kipi. Atoe risiti ya EFD, na jina la lipa namba lifanane na jina lililo kwenye risiti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, lakini maelezo yaliyotolewa kwa simu tu nani atayathibitisha? Yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp, na yahifadhiwe.

Kwenye nyaraka hizo kuna jambo dogo lililotusumbua. Mashine zetu hazitoi fedha, lakini kwa macho ya mtu asiyezijua hufanana na dubwi, na mashine za kamari ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ankara ikiandikwa kizembe, mzigo hukwama huku mwenyewe akijieleza. Muuzaji aandike aina ya mashine, jina la gemu, mwaka na kwamba haitoi zawadi ya fedha. Na mwanachama atakayeletewa mashine inayotoa fedha asiingize jina la chama chetu humo.

Usafirishaji nitausema kwa kifupi. Kabati lisafiri limesimama, bodi iwe imetolewa na kufungwa peke yake, shingo ya chogo ikingwe, na funguo za mlango wa nyuma zisifungiwe ndani ya kabati. Mashine iliyokaa muda mrefu kwenye ghala la pwani ikaguliwe kutu kwenye bawaba na chini ya miguu. Hewa yetu kavu itaihifadhi vizuri ikishafika. Adui wa hapa ni vumbi, na hilo ni letu, si la muuzaji.

Niseme pia neno la haki kwa wauzaji, maana wapo wazuri. Yupo mmoja wa Dar es Salaam aliyemtumia mwenzetu, bila kuombwa, video iliyoanza mashine ikiwa imezimwa na imepoa, akaingia kwenye ukurasa wa majaribio wa bodi, akabonyeza kitufe kimoja kimoja, kisha akamulika kutu iliyokuwa chini ya kabati na kushusha bei yeye mwenyewe. Mwenzetu amenunua kwake tena, na wengine wamemfuata. Mtu wa namna hiyo tumlipe kwa wakati. Tusimpigie simu baada ya miezi sita kumdai kapasita iliyokufa kwa uzee, na tusimwombe mashine halisi kwa bei ya bodi ya Kichina. Tukiwatesa waaminifu, watabaki wale wengine.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili. La kwanza ni kwamba ununuzi wowote unaofanywa kwa jina au kwa mkopo wa chama utumie fomu iliyoandaliwa na mafundi wetu, yenye maswali haya yote, na muuzaji aijaze kabla ya malipo ya awali. La pili ni kwamba kiasi kitakachobaki kilipwe baada ya mashine kuwashwa mbele ya mwanachama na fundi mmoja wa chama, na muuzaji akubali kupokea madai ya kutolingana na maelezo ndani ya wiki mbili tangu mzigo ufike. Najua wapo watakaosema masharti haya yatawafukuza wauzaji. Nimezungumza na kadhaa. Walioyakataa ni wale ambao hata picha ya betri walishindwa kutuma.

Nakala za fomu ziko kwa katibu. Mwanachama ambaye mzigo wake uko baharini sasa hivi aonane naye leo, kabla hajamalizia malipo.