Nauru isituchekeshe, kobalti yake itauzwa soko letu

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu aliandika kwamba Nauru haituhusu sisi watu wa Lubumbashi. Ni kweli ni kisiwa kidogo sana cha Pasifiki: kilomita za mraba 21, watu kama 12,000. Mji wetu ungeimeza mara 35. Lakini kobalti, madini ya betri, inayotafutwa baharini kwa jina la kisiwa hicho itakutana sokoni na hii inayotoka Kolwezi na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, na mnunuzi hataulizia ukubwa wa nchi.

Kwenye sakafu ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Meksiko, kina cha mita 4,000 na zaidi, kumelala mawe meusi ya ukubwa wa kiazi. Ukilipasua moja unakuta tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na katikati pengine jino la papa. Ndani yake manganizi inakaribia asilimia 30, nikeli ni asilimia 1 na kitu, shaba karibu 1, kobalti kama 0.2. Hiyo 0.2 isimdanganye mtu. Anayeokota mawe hayo analipwa na nikeli, shaba na manganizi. Kobalti inamjia kama nyongeza, kwa hiyo ataiuza hata bei ikianguka.

Kwa nini Nauru? Kwa mujibu wa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, nchi tajiri ikiomba eneo huleta vipande viwili vyenye thamani sawa. Kimoja kinabaki akiba kwa nchi zinazoendelea. Kampuni ya Kanada inayoyataka mawe hayo, The Metals Company, haiwezi kuingia kwenye akiba kwa jina lake. Inahitaji nchi mdhamini, na Nauru ilikubali. Mkataba wa utafiti ulitiwa saini 2011. Huku Katanga jambo hili halihitaji mkalimani: karata (kadi) ya mchimbaji mdogo ni ya Mkongomani tu, na tunajua wageni gani husimama nyuma ya baadhi ya koperative (vyama vya ushirika).

Tusiione Nauru kuwa mjinga. Mwaka 1989 iliishtaki Australia mjini La Haye kwa mashimo ya fosfeti, na 1993 wakapatana kwa dola za Australia milioni 107. Imeitambua Taiwan, ikahamia China 2002, ikarudi Taiwan 2005, ikahamia China tena Januari 2024. Desemba mwaka huohuo ikatia saini mkataba na Australia: milioni 100 za bajeti kwa miaka mitano, milioni 40 za polisi, na kwa malipo hayo Australia ikapata sauti juu ya makubaliano ya usalama, benki na simu ambayo Nauru ingefanya na wengine. Kila jambo ambalo mkubwa analihitaji, kisiwa kinalipangia bei. Juni 2021 kikaipa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, inayosimamia Mkataba huo wa 1982 kule Kingston, Jamaika, miaka miwili kumaliza kanuni za uchimbaji. Muda ukaisha Julai 2023 kanuni zikiwa bado.

Kongo nayo ni mwanachama kule Kingston tangu zamani. Tuliuridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari 1989, enzi za Zaïre. Na haki yetu imeandikwa: kifungu cha 151, aya ya 10, pamoja na Makubaliano ya 1994, vinataka mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoendelea ambazo mapato yao ya madini yataumizwa na uchimbaji wa baharini. Hapa ndipo tutakapojikwaa tusipoangalia. Anayedai lazima aonyeshe kwamba hasara imetoka baharini. Sisi tulisimamisha kuuza kobalti nje Februari 2025, kisha tukaweka kiwango cha tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Takwimu zikishuka, mpinzani atasema mmejishusha wenyewe. Basi msingi wa hesabu uwe mwaka wa kabla ya zuio, na tani zihesabiwe mbali na bei, kwa sababu jeraha letu kubwa litakuwa kwenye bei.

Kuna mtego mwingine, na huu unatutia hofu zaidi. Aprili 2025 kampuni hiyohiyo iliomba kibali Marekani, nchi ambayo haijaridhia Mkataba, kwa sheria yake ya 1980. Mawe yakitoka kwa njia hiyo, Kingston haipati mrabaha, na mfuko wa fidia unabaki mtupu. Marekani hatuwezi kuishika kwa Mkataba ambao haikuuridhia. Nauru tunaweza: imejifunga nao, na maoni ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ya Februari 2011 yanasema mdhamini ana wajibu wa kumsimamia anayemdhamini. Ilihuisha udhamini wake 2025. Kinshasa iiulize kwa maandishi, ndani ya kikao, kama udhamini huo unaendana na kibali cha Marekani.

Baraza la Kingston lina viti 36, na 4 ni vya wauzaji wakubwa wa madini haya, angalau viwili vya nchi zinazoendelea. Kongo ikigombee kimoja. Na ujumbe wetu usiwe wa mabalozi peke yao: aende mtu wa metalijia (usafishaji wa madini) kutoka Katanga anayeijua hidroksidi ya kobalti, ile tunayouza nje, na mtu wa duane (forodha) mwenye tani za kila mwezi tangu 2020, kabla kanuni hazijafungwa.

Wasomaji wenu, wahandisi wa madini, Lubumbashi