Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tupange Safari Tukianzia Kurudi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mmeshapelekewa, na mhazini atajibu maswali mkutanoni. Nafasi hii naitumia kwa jambo lililojadiliwa na kamati ya safari kuliko jingine lolote mwaka huu: mafuta ya ndege za klabu yetu katika safari ndefu.

Chukueni njia ya Dar es Salaam hadi Kigoma kupitia Dodoma na Tabora. Vipande vyake ni maili za baharini 210, 186 na 189, jumla 585. Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja, huenda kama maili 110 kwa saa na kula lita 34. Juu ya bara letu upepo mara nyingi hutoka mashariki. Ukiwa na kasi ya maili 15, kwenda unasukumwa: saa 4 na dakika 41, lita 159. Kurudi unapingwa: saa 6 na dakika 9, lita 209, ilhali matangi yaliyojaa yanatoa lita 200 tu. Hapo bado hatujahesabu kupanda wala akiba. Rubani anayechukua mafuta ya kwenda na kuyazidisha mara mbili amepungukiwa lita 50 kabla hajawasha injini.

Kamati imeamua mpango wa kurudi uandikwe kwanza. Sheria inadai akiba ya dakika 30 mchana. Sisi tutabeba ya saa nzima, kwa sababu kati ya Dodoma na Tabora viwanja vya kukimbilia ni vichache. Matangi kamili ni kilo 144, hivyo wapimeni abiria na mizigo kwenye mizani. Kukadiria kwa macho kusitumike tena.

Msidhani petroli ya ndege ipo kila kiwanja. Vingi vya bara vina Jet A-1 pekee, yaani mafuta ya ndege za jeti yanayofanana na mafuta ya taa, na mafuta hayo yakiingia kwenye injini zetu huizima, mara nyingi ikiwa tayari hewani. Pigeni simu kabla ya kuondoka. Isipokuwepo, pipa la lita 200 litangulizwe. Pipa lilazwe, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani. Likisimama nje, mvua hutuama juu ya kifuniko, na usiku pipa likipoa hunyonya maji kupitia kizibo. Likishasimamishwa, liacheni litulie, bomba la pampu lisifike chini kabisa, na waya wa kutoa umeme tuli ufungwe kabla ya tone la kwanza.

Baada ya kujaza, chukueni sampuli ya mafuta kwenye vitundu vyote 13 vya kuyatolea: vitano chini ya kila bawa, vitatu chini ya injini. Petroli yetu ina rangi ya buluu. Maji hukaa chini ya kikombe kama shanga. Mkiwa na shaka, dondosheni tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka na kupotea, Jet A-1 huacha duara la mafuta. Rangi peke yake isiwaridhishe, maana mchanganyiko wa hayo mawili bado unaweza kuwa na ubuluu.

Dodoma iko takriban futi 3,700. Joto likifika nyuzi 30, ndege huhisi iko juu ya futi 6,000: hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa na hupanda kwa uvivu. Kabla ya kuruka, ipe injini nguvu yote ndege ikiwa imesimama, kisha vuta kishikizo chekundu, kinachopunguza mafuta yanayochanganywa na hewa, polepole hadi mizunguko ya injini ifike kilele. Anayekiacha kimesukumwa hadi mwisho, kama alivyozoea pwani, hupaa akiwa na nguvu pungufu na plagi zenye masizi.

Kuhusu saa, makosa ni mawili. Fomu ya safari hujazwa kwa saa za dunia: saa moja asubuhi yetu huandikwa 0400. Na jua huzama Dar es Salaam karibu dakika 40 kabla ya Kigoma, kwa hiyo anayerudi analiendea giza. Ondokeni Kigoma alfajiri, ambayo pia huwaepusha na mawingu ya radi ya alasiri wakati wa vuli na masika.

Kuanzia mwezi ujao ndege haitatolewa bila karatasi ya kurudi iliyosainiwa na rubani wa pili. Katibu anazo fomu, pamoja na faneli mbili mpya zenye chujio la kuzuia maji.

Mwenyekiti