Foleni inapangwa ofisini

Mhariri,

Nimekusoma kimya kimya kwa zaidi ya miaka ishirini, na ningeendelea kunyamaza kama si ile ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu mpango wa kupunguza msongamano wa magari. Nimeisoma mara mbili, zote mbili nikiwa ndani ya basi lililosimama. Tunashauriwa tupange upya safari zetu: tutoke mapema au tuchelewe kidogo, tupande gari moja watu wanne, tuache safari zisizo za lazima. Vizuri. Ila ripoti nzima haikumtaja anayenipangia safari, na huyo si mimi.

Kwamba foleni haimalizwi kwa kuongeza barabara, hilo nilishalikubali. Kule Houston, Marekani, barabara kuu ya Katy ilipanuliwa hadi kufikia njia 26 katika baadhi ya sehemu, kazi ikaisha mwaka 2008, na miaka michache baadaye watu wakawa wamekwama tena. Ukipanua njia unawaita waliokuwa wamekata tamaa. Basi tupunguze safari, sawa. Lakini hizo safari za saa moja na nusu asubuhi zinatoka wapi? Sijawahi kukutana na mtu aliyetoka kwake saa hiyo kwenda kutembea tu.

Mwaka jana nilimwandikia bosi wangu barua ya heshima, ukurasa mmoja, nikiomba niwe naingia saa nne asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Kazi yangu ni kukagua hesabu kwenye kompyuta. Hakuna mteja anayenisubiri mlangoni. Barua ilirudi na neno moja la kalamu nyekundu: "Nidhamu." Wiki mbili baadaye tukaitwa kwenye kikao saa mbili kamili asubuhi, watu arobaini tunaotoka kila pembe ya jiji. Niliondoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, nikafika saa mbili na dakika kumi na moja. Mlango umefungwa. Tulikuwa kumi na wanane pale koridoni, tumesimama kama watoto waliosahau daftari. Kikao chenyewe kilichukua dakika ishirini, na kilichofanyika humo ni kusoma kwa sauti waraka ambao kila mmoja wetu alikuwa ametumiwa kwa barua pepe jana yake. Waraka ulihusu uchelewaji kazini. Ulitutaka "tutoke nyumbani mapema zaidi". Sisi wa koridoni tukaandikiwa barua za onyo papo hapo, lakini zilikaa mezani bila saini hadi karibu saa tano, kwa sababu mwenye kusaini alikuwa bado amekwama kwenye foleni.

Alipofika, gari lake lilikuwa na nafasi yake, imeandikwa cheo kwa rangi nyeupe. Na hapa ndipo ninapotaka mniambie, Mhariri. Mwenye gari anapewa pa kuegesha kutwa nzima bure. Mpanda basi hapewi hata nauli ya kwenda tu. Nafasi zikijaa, magari hupanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, nasi tunashuka barabarani kushindana na malori. Halafu tunaulizwa kwa nini kila anayepandishwa cheo anakimbilia kununua gari!

Mlisifu pia ule utaratibu wa kuzuia magari kwa namba za usajili. Jiji la Mexico walianza mwaka 1989, kila gari likipumzishwa siku moja ya wiki. Wenye uwezo walinunua gari la pili, mara nyingi kuukuu. Ningependa zaidi mngekumbuka Los Angeles ya Olimpiki ya mwaka 1984: waajiri walikubali kubadilisha saa za kazi, malori yakahamishiwa usiku, na barabara zilizoogopewa zikapitika. Michezo ilipokwisha, saa zikarudi zilipokuwa, na foleni nayo ikarudi.

Kwa hiyo naomba kanuni moja tu. Yeyote anayeitisha kikao cha zaidi ya watu tisa kabla ya saa nne asubuhi aje kwenye kikao hicho kwa basi, amesimama, kuanzia kituo cha mwisho cha njia ndefu kuliko zote, akiwa amelishika daftari la kumbukumbu kwa mikono miwili. Akichelewa, mlango ufungwe. Ile nafasi yake yenye rangi nyeupe iwekwe benchi la watu wanne, lenye kivuli, kwa ajili yetu tunaosubiri basi la jioni. Mbao naweza kuchangia mimi mwenyewe.

Wako,
Mmoja wa kumi na wanane