Salamu za Krismasi kwa walioacha pombe na unga

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma! Heri ya Krismasi, na salamu hizi ziwafikie kwanza ninyi mnaoila sikukuu bila kulewa.

Najua siku hizi zinawapa shida. Kwetu zabibu zinalimwa Hombolo na Mpunguzi, kwa hiyo mjomba anakuja na chupa ya divai na kukubembeleza, "Onja kidogo tu, hii ni ya nyumbani." Anasema kwa upendo, ndiyo maana kumkatalia kunauma. Nawe mjibu kwa upendo: "Ahsante mjomba, mimi soda." Si lazima umweleze zaidi. Tembea na nauli yako, na ukiona watu wameanza kuchangamka kupita kiasi, aga uende kwa mwenzako mlioacha pamoja.

Mnaokunywa methadoni, dawa ya walioacha unga (heroini), kule kliniki ya Itega, msiwasikilize wanaosema mmehama ulevi mmoja mkaingia mwingine. Dawa ile inatuliza arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ili mtu afanye kazi na kulea wanawe. Mkitaka kwenda kijijini, zungumzeni na wahudumu kabla ya safari, dozi isikatike.

Na wewe uliyeteleza wiki hii, rudi kikundini kesho. Usingoje Januari. Wengi waliosimama leo waliwahi kuanguka, tena zaidi ya mara moja. Ila kama ni unga, tafadhali sana: mwili uliopumzika hauhimili tena kipimo cha zamani, na watu hufia hapo. Anayekunywa pombe kila siku naye asikate ghafla akiwa peke yake eti Mwaka Mpya umefika. Anaweza kushikwa na degedege. Aende hospitali ya afya ya akili ya Mirembe au hospitali iliyo karibu, aache akiwa chini ya uangalizi.

Mimi tumaini naliona mashambani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na Desemba hii watu wako Bahi na Chamwino wanapanda uwele na mtama. Miongoni mwao wamo vijana waliowahi kuuza hata jembe la nyumbani wapate cha kunywa. Sasa wanaamka alfajiri na mama zao kwenda kulima. Moyo wangu hujaa furaha kuwaona.

Basi wazazi, akija mwanenu sikukuu hii, msimwite teja, wala msimkumbushe redio aliyouza. Mpakulieni pilau, mwacheni akae na watoto. Heri ya Mwaka Mpya kwenu nyote.